Kula na Kisukari kwa Pesa ya Siku: Mwongozo Kamili kuanzia Gengeni hadi Sahani

Mama yangu aliambiwa ana kisukari akiwa na miaka 58. Alirudi nyumbani Mbagala na kikaratasi cha kliniki kilichoorodhesha vyakula vya kula: mkate wa ngano isiyokobolewa, tufaha, samaki wa kuoka, maziwa yaliyotolewa mafuta. Alikisoma mara mbili, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga pale anapofunga pesa, akaniambia, "Mwanangu, hiki chakula cha watu wengine." Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa barazani anapika vitumbua vya kuuza, na kifungua kinywa chake kilikuwa kilekile cha siku zote: vitumbua vilivyoungua pembeni, ambavyo mteja hachukui, na chai ya vijiko vitatu vya sukari.

Hakuwa mkaidi. Aliyemwandikia hakumuuliza kwa siku anashika shilingi ngapi, wala wanaokula sufuria moja naye ni wangapi. Nimemuuguza miaka saba sasa, na karibu kila nilichoandika hapa nimekijua nikiwa naye kwenye benchi la kliniki, gengeni au jikoni. Chakula cha mwenye kisukari ni hichohicho cha nyumbani, vipimo vyake ndivyo vinavyobadilika, na vipimo hivyo lazima vitoshe hata siku ambayo mfuko umetoboka.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili. Mjamzito, mwenye aina ya kwanza, na yeyote aliyeambiwa figo zake zimeguswa, apangiwe chakula na kliniki kwanza, kwa sababu hata maharage na mboga ninazozisifu hapa zinaweza kuwa na mipaka kwake. Na kama unakonda bila kutaka, usipunguze chakula kwa kusoma maandishi yoyote, haya yakiwemo. Nenda ukapimwe.

Hatua ya 1: Anza na siku ambayo hela hakuna

Miongozo mingi huanza na kifungua kinywa kizuri. Mimi naanza na siku mbaya, kwa kuwa ndiyo inayoua haraka.

Ijumaa moja ya masika mvua ilinyesha tangu usiku, vitumbua havikutoka. Asubuhi mama alimeza kidonge chake cha glibenclamide kwa chai kavu. Mchana aliwaachia wajukuu ugali uliokuwepo, akasema yeye bado hana njaa. Saa tisa alasiri nilimkuta ameketi kando ya jiko, gauni limelowa jasho kama aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mashine ya kupima sukari ilisoma 2.6 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote za sukari hapa), chini mno.

Wazazi wetu wengi wako hivi: kidonge hawakikosi kwa kuwa daktari amesema, chakula wanakikosa kwa kuwa watoto kwanza. Sasa, dawa za kisukari hazifanani. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na inamezwa pamoja na chakula hasa ili tumbo lisisumbuke. Lakini glibenclamide, gliclazide na insulini zinashusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mwenye dawa hizi akiruka mlo, dawa inaendelea na kazi yake bila kujali. Kwa hiyo angalia jina kwenye pakiti yako leo, kisha siku ya kliniki uliza waziwazi: "Siku nisiyo na chakula cha mchana, hiki kidonge nikifanyeje?" Omba jibu liandikwe kwenye daftari lako. Usijiamulie mwenyewe kuacha au kupunguza. Pia, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenclamide haiwafai watu waliozidi miaka 60, kwa sababu ya hatari hiyohiyo ya sukari kushuka. Kama mzee wako anaimeza, hilo ni swali la kumpelekea daktari bila aibu yoyote.

Tatizo hili si la kwetu tu. California, nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watu wa kipato cha chini walilazwa hospitali kwa sukari kushuka kwa asilimia 27 zaidi katika wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza. Pesa imekwisha, chakula kimekwisha, dawa bado ipo. Kwa wenye kipato kizuri tofauti hiyo haikuonekana.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ukiona jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, usisubiri mashine. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo unywe, au kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Kama hali haijabadilika, rudia. Ukishapata nafuu kula kitu cha kushika tumbo, kwa mfano ugali kidogo na maharage, kwa sababu sukari ile huisha upesi. Mgonjwa aliyezimia usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na kama anatumia glibenclamide, usimwache alale peke yake usiku huo, dawa hiyo inaweza kuishusha tena sukari saa nyingi baadaye. Tangu siku ile mama anatembea na sukari kidogo kwenye kimfuko cha nailoni, kwenye pindo lilelile la kanga.

Kisha weka akiba ya siku ya ukata. Sisi tuna kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, ndani mna choroko kavu vikombe viwili, karanga mbichi, dagaa wakavu na unga wa mlo mmoja. Linaitwa kopo la mama. Haliguswi kwa ajili ya mgeni wala mtoto aliyechelewa kula. Likifunguliwa, pesa ya kwanza itakayopatikana inalijaza kabla ya kununua kingine. Kaya zinazopokea malipo ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au yeyote anayepokea pesa kwa mkupuo, siku hiyohiyo ya kupokea ndiyo siku ya kujaza kopo.

Hatua ya 2: Jua wanga uko wapi

Kinachopandisha sukari kwa nguvu ni wanga, na wanga hauna ladha ya sukari. Hapa ndipo wengi hupotea: mtu ameacha sukari kwenye chai miaka mitatu, lakini kila usiku anakula bonge la ugali linalotosha vijana wawili, anashangaa mashine inasoma 15.

Wanga uko kwenye ugali, wali, chapati, mandazi, tambi, mihogo, viazi vya aina zote, magimbi, ndizi za kupika, uji wa unga wowote. Ulezi na mtama ni nafaka nzuri, lakini uji wa ulezi bado ni uji: umesagwa, umeiva, ni majimaji, unashuka tumboni na kuingia kwenye damu upesi. Ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka sita na karanga ulikusudiwa mtoto anayekua. Mama alinunuliwa na shemeji yangu kwa upendo kabisa, akawa anakunywa kikombe kikubwa asubuhi na jioni, na sukari ikapanda wiki nzima mpaka tulipogundua.

Vyakula vya mizizi navyo vinazidiana. Kwa uzito uleule, muhogo wa kuchemsha una wanga karibu mara mbili ya viazi vitamu. Kwa hiyo anayependa futari hana sababu ya kulia, achague kiazi badala ya muhogo na apime.

Asali, sukari guru na juisi ya miwa ni sukari. Zinauzwa kama dawa, mwilini zinaingia kama sukari.

Hatua ya 3: Pima kwa mkono wako

Huhitaji mizani. Ngumi yako ndiyo kipimo cha wanga kwa mlo mmoja: ugali wa ukubwa wa ngumi, au wali wa ukubwa wa ngumi. Chagua kimoja, si vyote. Kiganja bila vidole ndicho kipimo cha samaki, nyama au mayai. Mboga za majani ni mikono miwili iliyokingwa pamoja, na ukizidisha hapo hakuna atakayekugombeza.

Kwenye sahani inakuwa hivi: nusu nzima ni mboga, robo ni ugali au wali, robo iliyobaki ni maharage, dagaa, samaki au yai. Nyumbani kwetu sahani ilikuwa kinyume, ugali robo tatu na mboga imewekwa kando kama ya kuonja. Kuigeuza kulituchukua miezi miwili, na njia iliyofaa ilikuwa kupima unga mkavu kabla ya kusonga. Nusu kikombe cha chai cha unga kwa ajili ya mama, takriban gramu 60 hadi 70, hubeba wanga wa gramu 50 hivi, kiasi ambacho watu wengi wenye kisukari wanakimudu kwa mlo mmoja. Kwa kuwa ugali wa familia unasongwa pamoja, tuna kibakuli kidogo cha plastiki cha njano. Ugali wa mama unashindiliwa mle kwanza, unageuzwa kwenye sahani yake, halafu wengine wanajipakulia. Kibakuli kimemaliza ubishi, hakuna tena mwana anayemhesabia mama matonge.

Halafu kuna jambo ambalo halina gharama kabisa: mpangilio wa kula. Anza na mboga, fuata maharage au samaki, ugali uje mwisho. Majaribio kwa watu wenye kisukari yameonyesha kuwa chakula kilekile, kwa kiasi kilekile, hakipandishi sukari sana kikiliwa kwa mpangilio huo. Mama alilalamika kuwa mboga bila ugali haishiki, basi anakula nusu ya mboga kwa kijiko kwanza, nusu iliyobaki anaichovyea tonge. Inatosha. Ukimaliza, tembea dakika 10 au 15 badala ya kujilaza mkekani. Yeye hurudisha vyombo vya jirani saa hiyo.

Hatua ya 4: Gengeni

Nenda na pesa uliyonayo, lakini badilisha foleni ya kununua. Kwanza mboga, pili kunde au kitoweo, mwisho unga. Tukianza na unga, unga hula pesa yote, tunarudi na nyanya mbili za kuungia.

Mboga za bei ya chini ndizo bora. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, kisamvu, kabichi, nyanya chungu, bilinganya, bamia. Nenda jioni kabla genge halijafungwa, mafungu hushushwa bei kwa kuwa hayalali. Mchicha ulionyauka kidogo ukiuloweka dakika chache kwenye maji ya baridi unanyanyuka. Mchunga nao, kwa wanaoupata, ni mboga tu kama nyingine. Uchungu wake hauondoi kisukari, ingawa mitaani utasikia hivyo.

Kwa protini, mpangilio wangu ni huu: maharage, kunde, choroko au mbaazi kwa siku nyingi za wiki, dagaa mara mbili tatu, mayai inapowezekana, nyama ikitokea. Kunde hizi zina wanga pia, lakini zina nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo sukari yake inapanda taratibu, na tumbo linakaa muda mrefu bila kudai. Dagaa ni hazina. Wamekamilika, wanaliwa na mifupa, robo kilo ya wakavu inapika milo kadhaa. Wakatwe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto mara mbili kutoa mchanga na chumvi. Anayemeza metformin kwa miaka mingi asikose kabisa vyakula vya wanyama, kwa sababu dawa hiyo huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wake huleta ganzi miguuni ambayo kila mtu ataiita kisukari. Dagaa, mayai na maini ndiyo njia rahisi ya kuipata. Vibua, utumbo, firigisi na miguu ya kuku pia ni kitoweo halali cha mgonjwa, ilimradi mafuta yanayoelea juu ya mchuzi yaenguliwe.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Pesa ya soda mbili, gengeni kwetu, inanunua mayai matatu. Nawaambia hivi wageni wanaokuja kumjulia hali mama na chupa mkononi: leteni mayai.

Unga ununue dona, au peleka mahindi yako mashineni na umwambie msagaji asikoboe. Dona lina pumba na kiini, hivyo nyuzinyuzi zipo. Halikai kama sembe, kiini chake kina mafuta yanayochacha, basi saga ya wiki moja au mbili. Chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu. Na usidanganyike: bonge la dona ni bonge. Dona linasaidia ukilipima.

Hatua ya 5: Sufuria moja kwa wote

Kumpikia mgonjwa kivyake kunamaliza mkaa na kunamtenga. Tulijaribu wiki tatu. Mama alikula peke yake jikoni akitazama ukuta, akaanza kumega kwa siri. Pika kimoja, wote wale, tofauti iwe kwenye kupakua. Watoto wanaokula mboga nyingi na soda chache hawapungukiwi na kitu, na kisukari kinatembea kwenye ukoo.

Maharage yaloweke tangu jioni, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Yakishachemka sawasawa kama nusu saa, tunafunika sufuria, tunaizungushia matambara mazito ndani ya kikapu kilichojazwa magunia, tunaliacha joto lenyewe limalizie. Baadaye sufuria inarudi motoni kidogo tu. Mkaa uliookolewa ni pesa ya fungu la matembele. Pika ya siku mbili, na asubuhi inayofuata uyachemshe tena vizuri kabla ya kula, maana joto la Dar halina huruma na kiporo kilicholala nje.

Mafuta usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina nishati ya kalori kama 120, na mkono wa kumimina hutoa vitatu bila kujua. Kwa sufuria ya watu wanne tunatumia vijiko viwili. Nazi tunaipenda, sisi watu wa pwani hatutaiacha, lakini tui zito la nazi nzima limekuwa tui jepesi la nusu nazi, mara mbili kwa wiki. Siku nyingine mchicha unaungwa kwa karanga zilizotwangwa, kiganja kimoja kwa sufuria. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ikijumlisha iliyomo kwenye dagaa na ng'onda, kwa sababu presha na kisukari hukaa nyumba moja. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili vinafidia ladha. Kachumbari isikose.

Hatua ya 6: Asubuhi

Hapa ndipo tulipopigana zaidi, na nadhani ndipo wengi watapigana. Chai yenye sukari vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 36 za sukari kabla hujala chochote. Hatukukata ghafla. Kila wiki tulipunguza nusu kijiko, tukaongeza mchaichai, iliki au mdalasini. Wiki ya sita alikuwa anakunywa chai bila sukari, na siku jirani alipomwekea vijiko viwili alisema imemchefua.

Cha kula na chai: kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi na yai, au maharage ya jana bakuli dogo, au mhindi mmoja wa kuchemsha na karanga kiganja. Chapati moja kubwa ya kibandani inakaribia wanga wa mlo mzima, basi siku ya chapati iwe nusu, na maharage. Vitumbua? Bado anavipika, ndiyo riziki yetu. Kilichobadilika ni kwamba anakula kabla ya kuwasha jiko. Akikaa mbele ya karai tumbo limejaa, zile pembe zilizoungua hazimwiti. Sasa zinakwenda kwa kuku wa jirani.

Matunda yaliwe, yasikamuliwe. Chungwa moja, au kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja, au nusu ya embe la wastani, kwa siku mara moja au mbili, na si yote kwa mkupuo.

Hatua ya 7: Vijiti viwili kwa wiki

Vijiti vya mashine ni ghali, na kuvitumia ovyo ni sawa na kuvitupa. Usipime kila ukijisikia vibaya, isipokuwa dalili za kushuka. Chagua mlo mmoja unaoutilia shaka. Pima kabla ya kula, kula kama kawaida yako, pima tena saa mbili baada ya kuanza kula. Andika vyote viwili na ulichokula. Kwa watu wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya saa mbili, ila daktari anaweza kumwekea mzee lengo la juu zaidi ili asishuke. Ikiwa tofauti imezidi 3, mimi huhesabu kuwa kiasi kile kimemzidi, wiki inayofuata tunapunguza wanga robo na kupima mlo uleule.

Kwa njia hiyo tuligundua kitu ambacho hakuna kikaratasi kingetuambia: wali wa ngumi moja na kunde ulimpandisha mama kwa 2.1, uji kikombe kimoja ukampandisha kwa 6. Mwili wako unaweza kusema tofauti. Angalia pia mashine yako inasoma kwa kipimo gani. Nyingine zinaonyesha 126 badala ya 7.0, ni kitu kilekile, gawanya kwa 18. Mzee mmoja mtaani kwetu aliazima mashine ya mwenzake, akaona 140, akaandika wosia.

Hatua ya 8: Ramadhani, shughuli na misiba

Zungumza na kliniki mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya Ramadhani, kwa kuwa saa za dawa na vipimo vyake hubadilishwa. Wapo watakaoshauriwa wasifunge, hasa wanaoshuka sukari mara kwa mara, wenye figo zilizoharibika, na wanaochoma insulini mara nyingi kwa siku. Kupima sukari kidoleni hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, basi pima. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Futari yetu ndiyo mtihani. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati na uji, vyote kwenye jamvi moja, vyote wanga. Mwenye kisukari afungue kwa maji na tende moja, apakue mchuzi wa samaki au kunde na mboga, kisha achague wanga mmoja tu wa ngumi moja. Daku aichelewishe karibu na alfajiri, na iwe na maharage au mayai ndani yake.

Msibani na harusini, wali ukija kwenye sinia, omba sahani yako. Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani. Mama husema tu, "Nipunguzieni wali, niongezeeni kachumbari, nina sukari." Pombe, kwa wanaokunywa, isinywewe kamwe juu ya tumbo tupu na glibenclamide au insulini. Ulevi na kushuka sukari vinafanana, utaachwa umelala pembeni watu wakidhani umelewa.

Hatua ya 9: Gunia mlangoni

Huna shamba, lakini pembe ya uani ipo. Jaza gunia udongo na samadi iliyooza, simamisha kokoto katikati ili maji yashuke, toboa ubavuni, chomeka vipande vya shina la matembele ulivyoomba kwa jirani. Huna cha kununua. Mwagilia maji uliyooshea mchele na mboga, si ya sabuni. Baada ya wiki tano hivi unachuma, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Juu ya gunia panda mchicha. Magunia mawili yanatupa mboga ya siku tatu kwa wiki.

Mlonge nao, kama uko jirani, majani yake ni mboga safi. Akikuambia mtu uache vidonge unywe unga wake, mshukuru, uendelee na vidonge.

Hatua ya 10: Siku ya kliniki

Nenda na daftari la vipimo, pakiti za dawa zote pamoja na za mitishamba, na orodha ya ulichokula jana kutoka asubuhi hadi usiku, kama kilivyokuwa. Wengi tunapanga uongo kwenye foleni: nakula matunda, nakula samaki. Daktari anaongeza dozi kwa chakula ambacho hakipo, na hapo ndipo watu wanaposhuka sukari. Sema, "Mwezi huu nilikosa chakula cha mchana siku saba." Sema, "Dawa nilimeza nusu ili ifike mwisho wa mwezi." Hizo ni taarifa za matibabu kama presha na uzito. Uliza kama yupo afisa lishe, na kama gharama zinakushinda, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamewekewa msamaha wa matibabu kwenye sera, lakini lazima uombe, na mara nyingi utatakiwa barua ya serikali ya mtaa, basi ishughulikie wiki moja kabla.

Mara ya mwisho mama alisoma orodha yake mwenyewe mbele ya daktari kijana, pamoja na siku mbili alizofungua kopo. Daktari aliweka kalamu chini, akauliza ndani ya kopo mna nini. Akaandika. Kisha akambadilishia kidonge.